Kigari Kilichozaliwa Yadi

Mkunga alisimama mbele ya dirisha la yadi, mkoba wa kazi begani, akingoja karani amalize kukwangua vocha ya simu. Gari lake jeupe, lililoibwa nje ya nyumba ya watu huku yeye yumo ndani akipokea mtoto, lilikuwa limepatikana. Polisi walimpa hongera, wakamwambia liko yadi, na kwamba yadi si polisi.

"Kuna gharama ya kulivuta na ya kulihifadhi," karani alisema. "Na kila siku inapanda."

"Mwanangu, mimi ndiye niliyeibiwa."

"Ndiyo hivyo, mama. Pole sana."

"Mwizi si alikamatwa?"

"Alikamatwa, kaomba msamaha, kaachiwa. Yeye hatumdai. Gari si lake."

Mchuma janga hula na wa kwao, walisema wahenga. Huyu alikula akashiba, akajiendea zake, na vyombo akaachiwa mkunga. Roho ilimuuma. Tangu gari lipotee alikuwa akienda kazini kwa miguu, na juzi, kwa mara ya kwanza maishani, alifika akakuta mtoto ameshazaliwa sakafuni, mama yake analia peke yake. Hilo ndilo lililokuwa likimnyima usingizi.

Akaomba walau alione. Alilikuta nyuma ya yadi, tumbo limeshuka karibu kugusa chini, likihema. Hakuhitaji kuambiwa kwamba limeshikwa na uchungu. Alinawa mikono kwenye bomba la walinzi, akavaa glavu, akafungua buti. Kigari kilitanguliza matairi ya nyuma, akakigeuza taratibu huku akilisugua gari mgongo.

"Sukuma, mama, sukuma. Usiniangushe."

Kikatoka cheupe, taa zimefumba, kikapiga honi nyembamba. Karani alikuja kukitazama, akarudi dirishani kurekebisha bili.

"Sasa ni magari mawili," alisema.

"Ala! Hiki kimezaliwa sasa hivi! Na mimba yenyewe iliingia likiwa kwa mwizi."

"Kitanda hakizai haramu, mama. Mtoto ni wa mwenye gari."

Mlinzi alikubali kwamba hapo karani kasema neno.

Mkunga aliuza cherehani, akamkopa dada yake, ikapatikana fedha ya gari moja tu. Alipokuwa bado anakuna kichwa, simu iliita: binti wa fundi viatu ameshikwa na uchungu, na mtoto amekaa vibaya. Basi akalikomboa gari mama, kigari akakiacha. Kigari kiliwafuata hadi kwenye kamba ya lango, kikasimama hapo. Mkunga alilia njia nzima, kwa sauti. Gari nalo lilirusha maji ya kioo, waipa zikawa zinapangusa. Walifika kwa fundi viatu kwa wakati, na mtoto akatoka salama.

Ikawa kila jioni gari linajiwasha, linakwenda kwenye uzio wa yadi, linapitisha mpira kwenye waya na kukinyonyesha kigari petroli. Yadi ikamtumia mkunga bili ya kuegesha kando ya uzio.

Alipofanikiwa kupata fedha ya kukikomboa, alikuta mnada unaendelea. Kigari kilikuwa kimekua, kimenenepa, kinang'aa.

"Si ulisema ni changu?" alimuuliza karani.

"Cha kulipia, mama. Cha kuuza ni cha yadi, maana kimezaliwa hapa."

Kilinunuliwa na mwizi, taslimu. Alikuwa na akiba nzuri, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumdai kitu. Akapewa risiti, na mlinzi akamfungulia lango.

Asubuhi moja walikutana kwenye makutano ya barabara, mkunga akiwahi kwa mwanamke mwenye uchungu. Mwizi aliteremsha kioo. Alikuwa kijana mwenye adabu zake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Gari jeupe likapiga honi ndefu, na kigari kikaitikia. Askari wa barabarani akawasimamisha wote wawili, akauliza nani aliyeanza kelele. Ukweli ni kwamba lilianza la mkunga. Mwizi akaruhusiwa kupita, mkunga akaandikiwa faini. Hakubisha. Alilipa palepale, maana kulikuwa na mtoto njiani.