Wanawake Saba wa Namba Moja

Jumatatu saa tatu asubuhi Sumaya alikuwa kwenye biro, ofisi ya kampuni ya mikopo ya simu, mjini Baraka, akifuta vumbi kwenye kompyuta. Kazi yake ilikuwa kupanga data: kuamua mteja ni nani, aandikwe kwenye jedwali gani, atambuliwe kwa kitu gani. Kontra yake, mkataba wa miezi mitatu, ilikuwa imekwisha Ijumaa. Alikuja tu kurudisha ufunguo.

Mlinzi akamwambia ana mgeni. Alikuwa mama yake, Zubeda, na wanawake sita wanaoanika naye ndagala, dagaa wa ziwani, kule kijijini Swima, wote katika mwili mmoja. Walikuja kwa pikipiki moja na kulipa nafasi moja. Mlinzi akawaandika kwenye mstari mmoja wa daftari.

"Mutoto wangu, tangu Ijumaa tuko hivi," alisema Zubeda. "Mi sina shida, ile tu Félicité anakoroma."

"We ndiye unakoroma," ikajibu sauti ya Félicité kwa mdomo uleule.

Wanawake hao walitumia simu moja, ya Zubeda, maana ndiye mwenye paneli ya jua. Kila mmoja alikopa kwa zamu yake, akarudisha kwa zamu yake, na hawakuwahi kugombana. Lakini sheria ya jedwali ilikuwa namba moja, mtu mmoja. Sumaya alijua kuwa sheria hiyo ni ya uongo. Ada zake zote za masomo Bukavu zilipitia simu hiyo. Alikuwa amechora jedwali la pili, la watumiaji, na Shefu Nicolas, mkuu wa biro, akalifuta.

"Wiki mbili za kazi kwa bamama ba ndagala?" alisema Nicolas siku ile.

Sumaya akanyamaza, kwa kuwa alikuwa hajalipwa. Mchuma janga hula na wa kwao. Ijumaa jedwali likaanza kutumika, na wenye namba moja wakawa mtu mmoja.

Sasa aliuongoza mwili hadi kwa Shefu. Nicolas alikuwa anakula mandazi. Aliupa mkono, akaukaribisha kwenye kiti kimoja.

"Shefu, nifungulie jedwali," Sumaya alisema. "Siku moja tu. Nimurudishe mama."

"Kontra yako ilikwisha. Na mbona nifungue? Zamani hapa tulikuwa na wakopaji saba, kila mumoja na shida zake. Sasa iko mumoja, na iko safi."

Neno hilo, safi, lilimtia Sumaya kinyaa kama inzi kwenye uji. Mwili ulikuwa na jeraha la Félicité mguuni na mgongo uliopinda wa Bibi Pulchérie. Kutoka tumboni ilisikika sauti ya Nuru, mwenye watoto wadogo, ikiuliza nani atawapikia.

Nicolas akavuta kontra mpya. Ilikuwa ya Lusenda, kwenye kambi ya wakimbizi, ambako simu moja hutumiwa na watu hata ishirini. Sharti lilikuwa lilelile, namba moja, mtu mmoja, na tena asiguse majedwali ya zamani. Vidole vyake viliacha mafuta kwenye karatasi, pale pa kusaini. Sumaya akaomba muda wa kufikiri.

Swima walishapanga mambo. Nyumba zilikuwa saba na siku ni saba, basi kila nyumba ikapewa siku yake ya kuwa na mama. Mwili uliswali na Zubeda na kupiga ishara ya msalaba na Félicité, bila ugomvi. Lakini mikono miwili haianiki samaki wa nyumba saba, na kufikia Jumatano watoto walianza kulala njaa. Jumatano hiyo Sumaya alisaini. Alijichukia, akasaini.

Alhamisi ilikuwa zamu ya nyumba yao. Alimwosha mama miguu kwenye beseni, akampa ugali. Zubeda akatafuna polepole.

"Ile ya Lusenda, ulisaini?"

"Nilisaini, mama. Kwa ajili ya batoto."

"Na benye iko kule, babo habana batoto?"

Sumaya akasogeza beseni pembeni. Zubeda akasukuma sahani.

"Basi siku yangu uwape batoto ba Nuru," alisema. "Bale bangali badogo. We umeshakomaa."

Akainuka na jeraha la Félicité, akaenda nyumbani kwa Nuru. Kesho yake asubuhi Sumaya akawasha kompyuta, akaanza kupanga data ya Lusenda: namba moja, mtu mmoja.