Bakuli la Udhu

Tangu Bi Mwanabaraka azikwe, bakuli lake la udhu lilikaa uani limefudikizwa, na hapana aliyethubutu kuligusa. Ila kila alasiri ikiadhiniwa, Shuwari, paka wake mkongwe, alijikokota akaenda kukaa kando yake. Marehemu alikuwa akimnywesha paka kwanza, ndipo atawadhe kwa yaliyosalia. "Paka si najisi," akisema. "Huyu mtu wa nyumbani."

Bintiye, Mwatima, akinyonyesha mlangoni, alikuwa akimtazama paka akingoja, na moyo wake ukingoja naye. Mama alikuwa amemwambia, "Shuwari nakuachia amana."

Sasa amana ina uvimbe kwenye taya, umetuna kama tunda la kungu. Hali chakula, mate yanamchuruzika. Bwana Soud, daktari wa mifugo aliyekuja Vitongoji kuchanja ng'ombe, alimfungua kinywa, akaguna.

"Naweza kumpasua. Lakini ni mzee, mama. Dawa ya usingizi yaweza kumchukua moja kwa moja. Nisipompasua, njaa itamuua polepole. Nakwenda zizini kwa Mzee Kificho. Nikirudi unambie."

"Paka kupasuliwa!" jirani, Bi Duni, akadakia juu ya ua. "Mie goti hili mwaka wa tatu, hata kutazamwa sijatazamwa!"

"Lete goti, Bi Duni, kisu kipo," Bwana Soud akamtania akiondoka.

"Ng'o!" Akacheka, kisha akalegeza sauti. "Mwachie Mungu, mwanangu. Afie miguuni pako."

Mwatima alitamani kuitikia. Shuwari akifa chini ya kisu, nani tena atamngoja mama pamoja naye?

Akalifudua bakuli, akalifuta vumbi, akalitia maji. Paka akainuka upesi kama kijana, akageuza shingo kuutazama mlango wa chumba cha mama. Kisha akainamia maji. Akajaribu kulamba, akalia kidogo, akajaribu tena. Maji yakaingia damu.

"Kumbe anayetaka ungoje ni mie," Mwatima akamwambia.

Bwana Soud aliporudi, alimkuta Shuwari kafungwa ndani ya kanga ya marehemu, ingali ikinukia maua ya langilangi.

"Mpasue."

"Na asipoamka?"

"Atakuwa kamuwahi mama."

Wakampeleka barazani. Mwatima hakuweza kutazama. Akamwaga yale maji, akatia mengine safi, akakaa palepale alipokuwa akikaa paka, mtoto mapajani, uso kauelekeza kwenye mlango wa chumba cha mama.

Alasiri ikaadhiniwa, naye yu na mwanawe tu kando ya bakuli, sikio lake barazani.