Watu Wako Upande Gani?

Hatibu hakuwahi kukaa kitako akamaliza kikombe cha chai. Akiwa mkekani mguu unatikisika, akiwa kitandani kidole kinagonga ubao, na mdomo, huo usiseme. Kila kilichopita mbele yake alikitangaza. Mkewe Sikujua akisonga ugali, yeye yuko mlangoni: "Anaushika mwiko, anaugeuza, lahaula, moshi umemwingia jichoni, lakini bado yumo, jamani, bado yumo!" Mwanzoni Sikujua alikuwa akicheka. Baada ya kumzaa Mwaisha alianza kumrushia huo mwiko, na hilo nalo lilitangazwa.

Siku za kazi Hatibu alikuwa karani wa mizani kwenye kinu cha pamba, mjini Shinyanga. Jumamosi ndipo alipokuwa mtu. Alisimama kwenye kona ya uwanja wa mpira, pembe ya bati mdomoni, akawaeleza waliosongwa nyuma mpira uko wapi na nani kaupoteza kwa uzembe. Walikuwapo watu wazima na akili zao waliokaa wameupa uwanja mgongo, wanamsikiliza Hatibu tu, wakiapa kwamba mpira wake ni mtamu kuliko ule unaochezwa.

Sifa hizo zilimfikia bwana mmoja aliyeitwa Eustace, Mhaya mwenye miwani na suruali iliyopigwa pasi hata safarini. Redio ya Dar es Salaam ilikuwa imemtuma kuzunguka Jimbo la Ziwa kutafuta watu wa kutangaza michezo moja kwa moja kutoka viwanjani. Alikuja na lori, mashine ya kunasa sauti, na spika kubwa iliyofungwa juu ya kichwa cha lori.

"Mpira kila mji unao," Eustace alimwambia. "Mimi nataka mchezo wa huku. Jumamosi kuna mbina, ngoma ya mashindano, kijijini Didia, vikundi viwili vinashindana. Utapanda juu ya lori uitangaze yote. Mashine itanasa, na spika itawasaidia watu walio nyuma. Ukiweza, tunaondoka wote kwenda Dar. Ila nakuomba kitu kimoja. Usinyamaze. Mtu yuko nyumbani kwake na redio yake. Ukinyamaza tu, anadhani betri imekufa, anazima."

Hatibu alicheka mpaka akashika tumbo. Aambiwe asinyamaze, yeye! Alirudi nyumbani mbio na habari, akamkuta Sikujua uani anaanua nguo. Sikujua alisikiliza mpaka mwisho, kisha akakaa chini na nguo zake mapajani.

"Baba Mwaisha," alisema, "mbina ya Didia ni ya baba."

Ni kweli. Mzee Luhende, baba yake Sikujua, alikuwa manju, yaani mtunzi na kiongozi wa ngoma ya Bagika pale Didia, tangu Sikujua hajazaliwa. Na mwaka huo alikuwa anachezea roho ya ngoma yake. Alikuwa ameshindwa misimu miwili mfululizo na kijana Onesmo, manju wa ngoma pinzani ya Bagalu, aliyerudi kutoka mgodi wa dhahabu wa Geita na filimbi ya chuma na wachezaji waliovaa kofia za migodini. Vijana wa Luhende walikwisha kumwambia bila kuficha: mzee, tukishindwa tena, tunahamia kwa Onesmo. Vijana wakihama, ngoma imekufa, na manju asiye na wachezaji ni mzee tu anayejisemea peke yake.

"Sitasema neno baya juu ya baba," Hatibu alimwambia. "Nitatangaza haki, huku na huku."

"Mimi sijui redio," alisema Sikujua. "Najua mdomo wako."

Kwa asiyeijua mbina, hapa lazima aambiwe, maana jambo lote limelala hapo. Mbina haina goli wala filimbi ya refa. Vikundi viwili vinacheza wakati mmoja, kila kimoja na uwanja wake, umbali wa sauti ya mtu. Watazamaji wako huru kwenda watakako. Jua likishuka hadi usawa wa vilima, wazee wa kijiji wanauliza swali moja tu: watu wako upande gani? Aliye na watu wengi ndiye mshindi, hata kama mwenzake amecheza kama malaika. Ndiyo maana kila manju ana dawa yake ya mvuto, ya kuwafanya watu wasiondoke, na hakuna anayemwambia mwenzake ilikochimbwa.

Sasa tafuta mahali pa kuegesha lori. Eustace, mtu wa kupenda mizani, aliliegesha katikati kabisa, ili Hatibu aone pande zote. Palikuwa panafaa sana. Hakuna aliyewaza kwamba tangu mbina ianze kuchezwa, hapajawahi kutokea mtu akakaa katikati na sauti kubwa kuliko ngoma zote mbili.

Hatibu alipanda, akashika maikrofoni, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe mguu wake ukatulia.

"Naam, wapenzi wasikilizaji, tuko Didia! Kushoto kwangu Bagalu wa Onesmo, kulia Bagika wa Mzee Luhende, na vumbi limeshaanza kazi! Onesmo anaingia. Jembe mkononi. Analirusha juu, linazunguka, linazunguka, mama yangu, amelidaka kwa meno!"

Watu waliokuwa kwa Luhende waligeuza shingo. Kwa meno? Nani alimuona? Wakaanza kutoka wawili wawili, kisha kwa makundi, kisha wakakimbia. Hakuna Msukuma, wala mtu yeyote, anayependa kusikia kwamba maajabu yanatokea mahali ambapo yeye hayupo.

"Na huku kulia," aliendelea Hatibu, naye akigeuka, "Mzee Luhende amepanda mironjo, miti mirefu iliyofungwa miguuni! Manju mwenye mvi yuko juu ya miti, anacheza bega, anacheza bega, na mguu mmoja wa mti ameuinua hewani!"

Wale wale wakarudi mbio, wamefuatana na wa Onesmo. Vigelegele, vumbi, watoto wamekanyagwa vidole. Chini ya lori Eustace alikuwa na vidude masikioni, anatabasamu. Kelele zile ziliingia kwenye mashine safi kabisa.

Hatibu hakuelewa mapema. Alikuwa ameshikwa na utamu wa sauti yake mwenyewe, inaondoka mdomoni na kurudi kutoka kwenye miti ya mbali. Alikwenda kushoto, akaja kulia, akaenda kushoto. Ni pale Januari, mpiga ngoma wa Onesmo, alipoiacha ngoma yake akaja kulipiga teke gurudumu la lori, ndipo akili ilipomrudi.

"Wewe mkwe wa Luhende!" alifoka Januari. "Tunakuona! Unawaita watu waende kwa baba yako!"

"Simwiti mtu! Natangaza!"

"Ukitangaza wanakwenda! Wewe una macho au huna?"

Hatibu akatazama. Lo! Uwanja mzima ulikuwa umeinama upande wa kulia kama maji kwenye sinia. Akasema neno moja la Onesmo, kwa majaribio tu, na sinia likainama kushoto. Si ngoma zilizokuwa zinavuta watu. Wachezaji walikuwa wakivuja jasho bure. Dawa zao, miti yao, majembe yao, vyote vilikuwa vinasubiri yeye aseme.

Na jua lilikuwa linashuka. Aliuona mpango wote kwa mara moja, nao ulimtisha: atakayetajwa mwisho, ndiye mshindi. Akimtaja mkwe wake, Bagalu watalichoma lori na watakuwa na haki. Akimtaja Onesmo, amemzika Mzee Luhende kwa mdomo wake. Upo mlango wa tatu, nao ulikuwa wazi: anyamaze. Aweke maikrofoni chini, ngoma zijipiganie zenyewe, wazee waamue.

Akanyamaza.

Ilikuwa pumzi mbili, labda tatu. Mguu ukaanza kutikisika. Chini Eustace aliinua uso, akazungusha kidole hewani kwa hasira: endelea, endelea! Kisha akaishika swichi ya mashine, kama mtu aliye tayari kuzima. Hatibu aliiona Dar es Salaam inazimwa mbele ya macho yake. Asimtaje Luhende, asimtaje Onesmo, atamtaja nani? Akatazama chini, akawaona watazamaji wenyewe, na mdomo ukaponea hapo.

"Na watazamaji, wapenzi wasikilizaji! Watazamaji wa leo ni mchezo wenyewe! Namuona babu mmoja kavaa koti la mvua kiangazi chote hiki, hajui aende wapi. Namuona mama mnene, kabeba kuku, kuku naye anatazama ngoma!"

Kicheko kikalipuka. Mama wa kuku aligeuka kulitazama lori, akajipangusa uso, akasogea ili aonekane vizuri. Babu wa koti akavua koti. Vijana wakaanza kurukaruka: "Na mimi! Nitangaze na mimi! Naitwa Limi, wa Masumbwe!" Hatibu akamtangaza Limi wa Masumbwe. Akamtangaza na mchumba wa Limi. Watu walitoka kushoto, wakatoka kulia, wakalizunguka lori wakisukumana, kila mmoja anataka kusikia jina lake likitoka kwenye lile bomba la spika. Nani katika Didia aliwahi kutangazwa? Hatibu aliona raha ambayo hajawahi kuionja. Alikuwa ameokoka! Hakumtaja yeyote kati ya wale wawili, na mashine ilikuwa inazunguka.

Ngoma ya Onesmo ilinyamaza, wachezaji wake wakaja na kofia zao kujionyesha. Vijana wa Luhende walishuka kwenye miti mirefu, wakaja. Hatibu aliinua macho atafute kipya cha kusema, na juu ya vichwa vya umati akauona uwanja wa kulia. Ulikuwa mtupu. Mzee Luhende alikuwa bado yuko juu ya miti yake, anacheza peke yake. Mbele yake alikuwapo mwanamke mmoja tu, anampigia makofi.

Angeweza kugeuza uso. Mtu mwingine angegeuza. Lakini kilichoingia machoni mwa Hatibu hakijawahi kukaa ndani.

"Na kule kulia," alisema, na sauti ilikuwa tamu kuliko zote za siku ile, "kule kulia, wapenzi wasikilizaji, amebaki mtazamaji mmoja! Mwanamke mmoja wa khanga nyekundu! Manju mzima anamchezea mtu mmoja, naye ni binti yake mwenyewe!"

Umati wote uligeuka kutazama. Kisha ukacheka. Hawakucheka kwa ubaya. Walicheka kwa sababu ilisemwa vizuri. Sikujua alishusha mikono. Mzee juu ya miti alikuwa amekwisha kusimama, uso ameuelekeza kwenye lori.

Jua likagusa vilima. Mzee Sabiti, mkubwa wa waamuzi, mtu wa miaka mingi mjini Shinyanga na hapo Didia, akatoka na fimbo yake. Akauliza swali lake kwa desturi, na akalijibu mwenyewe kwa taabu. "Watu wako kwenye gari," alisema. "Sheria ni sheria. Gari limeshinda."

Eustace alimshusha Hatibu kwa mikono miwili, anamtikisa bega. "Yule mtu mmoja! Pale pale, ndugu yangu, kazi umeipata pale! Tunaondoka kesho."

Hatibu alikuwa ameisubiri kauli hiyo maisha yake yote. Aliisikia, na ilimuumiza. Aliupita umati, watu wakimshika shati na kumshukuru kwa Kisukuma, wabeja, wabeja sana, mpaka akafika uwanja wa kulia. Vijana hawakurudi kuchukua ngoma zao. Mzee Luhende alikuwa amekaa juu ya ngoma iliyolala, anafungua kamba za miti miguuni, na Sikujua amepiga magoti anamsaidia.

"Shikamoo, baba," alisema Hatibu.

"Marahaba."

"Baba, nisamehe. Sikukusudia. Niliona, na..."

"Ondoka," alisema Sikujua bila kuinua kichwa. "Baba Mwaisha, nenda huko wanakokusikiliza. Mtu alikuwa amebakiwa na mmoja, ukampunguzia na huyo."

"Mwache, mwanangu," alisema Mzee Luhende. Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alifungua fundo la mwisho, akauweka mti chini taratibu, akamtazama mkwe wake kama mtu anayekiri aibu yake mwenyewe. "Usimlaumu, binti yangu. Wewe ulikuwa unanipigia makofi, nami niliacha kucheza. Nilisimama nimsikilize yeye, nijue kama nashinda."