Dakika Arobaini za Mama

Saa tatu asubuhi mdodosaji alipiga hodi nyumba ya kumi na saba, akafuta viatu kwenye gunia la mlangoni, akaketi kwenye kigoda alichosogezewa. Mwenye nyumba alikuwa muuza mkaa, mtu wa kigugumizi, mikono myeusi mpaka viwikoni. Aliulizwa umri, kazi, na kama ameshaamua kumpigia nani kura. Kisha akaulizwa ni jambo gani linalomuuma kuliko yote. Akaeleza habari ya barabara ya makorongo, jinsi mkokoteni ulivyompindukia wakati wa mvua ukamvunja mguu, na jinsi mguu ulivyounga vibaya. Mdodosaji alimwelekezea kishikwambi. Muuza mkaa alipomaliza akakohoa mara moja, kama wanavyokohoa wote, na habari ya barabara ikamtoka, ikaingia kishikwambini.

"Tayari, dada?" aliuliza muuza mkaa.

"Tayari, kaka. Ahsante."

Akajaribu kuitafuta tena mdomoni, kwa mazoea tu, akakuta hamna kitu. Akarudi kupima mkaa.

Zamani wagombea walikuja wenyewe. Walisimama juani, wakazomewa, na mmoja aliwahi kumwagiwa maji ya kufulia na mama yake mdodosaji. Mambo hayo yalikwisha alipoajiriwa Mtaalamu. Mtaalamu alikaa ghorofa ya sita, kwenye ofisi ya zulia na vioo, na kila jioni sauti za mitaani zilipelekwa kwake zikachambuliwa. Zilizofaa zilitiwa kinywani mwa mgombea. Jumamosi iliyofuata mgombea alipanda jukwaani akaisema barabara ile kwa sauti ya muuza mkaa, kigugumizi na yote. Uwanja ulilipuka. Muuza mkaa mwenyewe alipiga makofi mpaka viganja vikamwaka moto.

Wiki ya tatu ya kampeni mashine ya Mtaalamu ilichagua nyumba za mtaa wa pili, na nyumba ya mama yake mdodosaji ikawemo. Fomu ilitaka mwanamke aliyepita miaka hamsini, asiye na msimamo.

"Mama, nitasema sikukukuta," alisema mdodosaji.

"Utasema uongo kazini kwako kwa sababu gani? Niulize kama unavyowauliza wenzangu."

Mama yake alifunga mlango, akavua kilemba, akaeleza. Alieleza alivyompeleka binti yake mkubwa zahanati akiwa na uchungu, na kufuli walilolikuta mlangoni, na mkunga aliyehamishwa mwezi mzima bila kuletwa mwingine. Alimtaja kila mtu aliyepita njiani mchana ule na alichosema. Alieleza mtoto alivyozaliwa ngazini, mzima, akilia, na damu ya mama yake ilivyoshuka ngazi moja baada ya nyingine, na maneno ambayo binti alimwambia kabla hajanyamaza. Watu huzungumza dakika nne, tano. Mama huyu alizungumza dakika arobaini. Kisha akakohoa.

Yule mtoto wa ngazini sasa alikuwa na miaka sita, akilelewa na bibi yake. Kila Jumapili, akisukwa nywele, alitaka ahadithiwe habari za mama yake. Jumapili ile bibi alifungua mdomo, ikatoka pumzi tupu.

"Imekwenda," alimwambia mdodosaji jikoni. Hakuwa na huzuni. "Acha iende. Mimi nimeisema miaka sita, nani kanisikia? Akiisema mgombea, kufuli litatoka."

Akaanza kuhudhuria mikutano. Alihudhuria saba, akisimama mbele kabisa na mjukuu wake mkononi. Alisikia barabara ya muuza mkaa. Alisikia bomba kavu la fundi cherehani. Alisikia hasira ya kinyozi juu ya wageni waliohamia mtaa wa nyuma, na hiyo ilirudiwa mikutano yote saba, kila mara kwa sauti ya juu zaidi. Mtoto akajifunza kupiga makofi kila likitajwa neno mabadiliko, kama watu wazima. Habari ya ngazini haikutajwa hata mara moja.

Mgombea alishinda, akawa Mheshimiwa. Barabara ilibaki na makorongo yake. Hakuna aliyelalamika, kwa kuwa malalamiko alikuwa nayo Mheshimiwa peke yake, na Mheshimiwa alikuwa amehamia mjini.

Siku ya nne baada ya matokeo mdodosaji alipanda ngazi mpaka ghorofa ya sita. Mtaalamu alikuwa anafungasha. Makabati yalikuwa wazi, na ndani yake sauti zilinong'ona kwenye bahasha zao, kila moja na namba.

"Nimekuja kuchukua ya mama yangu," alisema mdodosaji. "Hamkuitumia."

Mtaalamu alikuwa mtu mpole. Alimkaribisha kiti, akafungua kompyuta. "Ya zahanati. Naikumbuka. Ilitutoa machozi hapa ofisini, kuna dada mmoja alitoka nje. Lakini haisogezi."

"Haisogezi nini?"

"Kura. Barabara inasogeza. Maji yanasogeza. Wageni wanasogeza kuliko vyote. Kifo cha uzazi kinasikitisha tu, na wanaosikitika walikuwa wetu tayari."

"Dada yangu alikufa ngazini."

"Pole sana," alisema Mtaalamu, na pole yake ilikuwa ya kweli, jambo ambalo lilimfanya mdodosaji atamani kumpiga kofi. Akasimama, akatafuta bahasha, akampa. "Chukua. Haina kazi kwetu. Tuliipunguza mara tisa ili tuijaribu redioni, lakini wapi."

"Mliipunguza?"

"Dakika arobaini, nani atasikiliza? Sasa ina sekunde kumi na moja."

"Zilizobaki ziko wapi?"

Mtaalamu akatazama sakafu karibu na kabati, pale ambapo mfagiaji alikuwa ameshapita.

Mdodosaji aliacha kishikwambi juu ya meza ya Mtaalamu, kioo kikiwa chini, akaondoka bila kuaga. Njiani aliibana bahasha kwapani. Alipita mbele ya zahanati. Kufuli lilikuwa lile lile, ila mlango ulikuwa umebandikwa picha ya Mheshimiwa akicheka.

Mama yake aliipokea bahasha kwa mikono miwili. Akaifungua, akaiweka sauti mdomoni kama mtu anayemeza dawa, akanywa maji. Kisha akamwita mjukuu wake, akamketisha mkekani, akaanza.

"Mama analia!" alisema. Ilikuwa sauti yake, lakini imenyanyuliwa mwishoni. "Taifa zima linalia! Umefika wakati wa mabadiliko!"

Mtoto akapiga makofi.

Bibi alingoja makofi yaishe, akameza mate, akaanza tena polepole. Yakatoka yale yale, kwa urefu ule ule. Mtoto akapiga makofi tena.

"Usipige makofi!" Mdodosaji alimshika mikono yote miwili kwa nguvu, mpaka mtoto akaogopa. "Sikiliza. Nitakwambia mimi."

"Mamdogo, wewe ulikuwepo?"

"Hapana. Siku ile nilikuwa kazini, mtaa wa mbali, nauliza watu maswali."

Akasema machache aliyoyajua: kufuli, ngazi, mchana, damu. Mama yake aliketi pembeni akisikiliza. Kila palipokosewa alitikisa kichwa, akanyoosha kidole, akafungua mdomo ili asahihishe, na kila mara alitangaza kwamba umefika wakati wa mabadiliko.