Sisimizi wa Chumba cha Chiriku

Fundi wa kuua wadudu hakuwa hata ametua mtungi wake wa dawa, mwenye nyumba akamwekea sharti. "Ua sisimizi, fundi, lakini usipulize kitu chenye harufu."

Fundi akacheka. "Dawa isiyonuka, mama, hao wataiona chai."

Mama hakucheka. Alifungua mlango wa chumba cha binti yake wa pekee, waliyemwita Chiriku kwa jinsi alivyokuwa haishiwi maneno. Homa ilimchukua mwanzoni mwa mvua, kama utani. Tangu hapo, kila asubuhi mumewe akishatoka kwenda kazini, mama aliingia humo, akafungua kabati na kuzamisha uso kwenye sweta ya shule ambayo haikuwa imefuliwa. Ilinukia jasho la michezo na mafuta ya nywele. Ilimnukia mwanawe.

Fundi alipiga goti. Mstari mwembamba wa sisimizi ulitoka kwenye ufa wa ukuta. Akamnasa mmoja kwa selotepu, akamtazama kwa lenzi.

"Una bahati. Wadogo, wa njano, nyuma weusi kidogo, kiuno kina vifundo viwili. Hawa ukiwapulizia wanagawanyika, kesho wako nyumba nzima. Dawa yao ni chambo, na chambo hakinuki."

Mama akashusha pumzi.

"Ila tujue kwanza wamejenga wapi. Wanapenda penye joto, pa kujificha." Macho yake yakafuata mstari mpaka kwenye bawaba ya kabati.

Mama akawahi kusimama mbele. "Humu hamna kitu."

"Sasa mtoto akirudi shule, mama, atavaa nguo zenye wadudu?"

"Harudi."

Fundi akavua kofia. "Pole sana, mama. Sikujua." Akaizungusha kofia mikononi.

Mwishowe mama alifungua kabati mwenyewe. Alipoikunjua sweta, mayai meupe madogo kama chumvi yalijaa ndani ya mkono mmoja, na sisimizi wakatawanyika huku na huko.

"Walio ukutani nitawawekea chambo," fundi akasema polepole. "Lakini hii inataka maji ya moto na sabuni. Nikusaidie?"

"Nguo za mwanangu nafua mwenyewe."

Fundi alipoondoka, mama alizika uso kwenye sweta kwa mara ya mwisho, sisimizi wakimtambaa mashavuni. Kisha akaitumbukiza kwenye beseni la maji ya moto yenye sabuni. Aliisugua hata baada ya kutakata, maana hakujua aache vipi. Akaianika uani, kwenye kamba ilipozoea kuning'inia Chiriku akisharudi shule.

Jioni, akiwa jikoni, alimsikia mumewe akiingia kwa mlango wa uani. "Chiriku! Umesharu..." Sauti ikakatika.

Alimkuta amesimama penye kamba, ameshika mkono wa sweta, maji yakimdondokea viatuni. Mwanamume huyu msibani alipokea wageni, akapanga viti, hakudondosha chozi.

"Umeifua," alisema.

"Walikuwa wamejenga ndani, mume wangu. Ningefanyaje?"

Mumewe aliinusa, akainusa tena, kola, kifua, kwapa. "Nilikuwa naingia chumbani kwake," akasema, "jioni, ukienda kuoga. Sikutaka ujue."

Akakaa chini palepale kwenye sakafu yenye maji, akalia kwa sauti. Mkewe akakaa ubavuni mwake. Akamshika, na jikoni chungu kikaungua.