Karatasi ya Ijumaa

Kila Ijumaa saa tisa kasorobo, kengele ya shule ya Kilnamarva ikishalia na magari ya wazazi yakishatawanyika, Concepta wa ofisini alikuwa akivuka barabara na kutumbukiza karatasi moja kwenye tundu la barua la mlango wa Malachy Tansey. Hakugonga. Tundu lilikuwa likilia klak, karatasi ikaanguka juu ya zulia dogo, na Malachy, aliyekuwa amesimama nyuma ya mlango huohuo tangu saa nane na nusu, alihesabu mpaka ishirini kabla ya kuinama. Hakutaka Concepta ajue kwamba alikuwa akingojwa.

Ilikuwa karatasi ya habari za shule, wala haikuwa na makuu. Chawa wameonekana darasa la pili, wazazi wachane nywele. Koti jekundu limeokotwa uwanjani, halina jina, ni la tatu mwezi huu. Mkutano wa wazazi wa Komunyo ya Kwanza ni Jumanne, na Padri anaomba watu wasije na ugomvi wa magauni. Timu ya mpira imefungwa na watu wa Drumgorey, lakini imecheza vizuri. Timu hiyo ilikuwa inacheza vizuri na kufungwa kwa miaka kumi na mitatu mfululizo.

Malachy hakuwa na mtoto pale shuleni. Hakuwa na mtoto popote. Yeye na mkewe Nóirín hawakujaliwa, ila Nóirín alifundisha darasa la chekechea kwa miaka thelathini na moja, na karatasi ile ilianza kuingia nyumbani mle ndani ya mkoba wake. Nóirín alipofariki, miaka sita sasa, karatasi haikukoma. Mzee aliisoma mara tatu: Ijumaa na chai, Jumamosi na yai, Jumapili akirudi misani. Usimcheke. Kuna watu wanaosoma magazeti makubwa na hawamjui hata mmoja aliyetajwa mle. Yeye aliwajua wote, hata wenye chawa.

Na mara moja kwa mwaka alitajwa yeye. Wiki ya mwisho ya Januari, chini kabisa, waliandika: "Mkesha wa Mtakatifu Brigida, Malachy Tansey ataleta matete saa nne na nusu kama kawaida, Mungu akipenda." Ndipo alipoijua siku na saa.

Kazi yenyewe alipewa na Nóirín. Misalaba ya Brigida husukwa kwa matete mabichi, na matete hayakatwi kwa kisu, hung'olewa kwa mkono. Anayeyaleta haingii nayo hivihivi kama mtu aliyetoka dukani. Anasimama nje, mlango umefungwa, anagonga mara tatu na kusema, "Pigeni magoti, fumbueni macho, mpisheni Brigida aingie!" Walio ndani hupiga magoti na kuitikia, "Karibu! Karibu! Karibu mwenye heri!" Mlango hufunguliwa, naye huingia na baraka ya mwaka mzima mikononi. Mwaka wao wa kwanza wa ndoa alipogonga hivyo nyumbani kwake, Nóirín aliitikia kutoka ndani, "Karibu! Ila vua hayo mabuti." Kila mwaka baada ya hapo aliitikia hivyohivyo, na Malachy hakuacha kucheka.

Nyumba isiyo na mtu ndani haigongwi. Kwa hiyo tangu msiba, mlango wa shule ndio uliokuwa mlango wa pekee duniani ambao Malachy aliugonga na watu arobaini wakapaza sauti kumkaribisha. Sauti hizo alikuwa akiishi nazo mpaka Pasaka.

Sasa basi, mwaka huu, Ijumaa ya kwanza baada ya likizo ya Krismasi, klak haikulia. Alisimama nyuma ya mlango mpaka saa kumi. Akasema moyoni, Concepta anaumwa. Ijumaa ya pili alimwona Concepta kwa macho yake akiingia garini, mzima kabisa, akaondoka zake. Ijumaa ya tatu hakusimama mlangoni. Alikaa jikoni na kujifanya anasikiliza redio.

Yumkini ungesema, si angeuliza? Kuuliza si ujinga, nasi sote tunajua. Lakini kwa Malachy kuuliza kulikuwa sawa na kuomba, na Tansey haombi. Tena dukani alikuwa amemsikia mama mmoja akimwambia mwenzake, "Si umesoma kwenye habari za shule? Wanaenda kuogelea Jumatano." Kwa hiyo habari bado zilikuwepo na watu walizisoma. Ni yeye tu aliyefutwa. Alilipa mkate wake akatoka bila kuchukua chenji, na yule binti wa dukani ikabidi amkimbilie mpaka nje.

Ilimuuma. Usiku alijiuliza amekosa nini. Mwalimu mkuu alikuwa mpya, Bibi Tuohy, mtu wa mjini, kijana bado, anayetembea upesi. Huenda aliuliza, huyu mzee wa ng'ambo ya barabara ana mtoto gani hapa? Na huenda wakamjibu, hana.

Alhamisi, yapata saa tano, Malachy alikuwa dirishani anaosha kikombe. Aliona mlango mkubwa wa shule umefunguliwa, baridi yote ile, na Bibi Tuohy amesimama kizingitini akitazama upande wake. Alitazama kwa muda mrefu, akaitazama saa yake, akatazama tena. Malachy alirudi nyuma, akasogeza pazia. Aibu ilimshika. Atasema nawachungulia watoto, aliwaza. Alipochungulia tena, mlango ulikuwa umefungwa.

Kesho yake ilikuwa mkesha wenyewe, tarehe thelathini na moja. Hakuitwa, lakini mkesha ni mkesha. Tangu lini Brigida akangoja mwaliko? Alijiambia hivyo kwa sauti akivaa mabuti, akashuka mpaka kinamasini nyuma ya nyumba, akang'oa matete kwa mkono, moja moja, vidole vikafa ganzi. Alirudi, akanyoa ndevu, akavaa koti la misa na tai aliyonunuliwa na Nóirín. Saa nne na nusu alivuka barabara na mzigo wake kifuani. Ni hatua thelathini, alizihesabu.

Uwanjani hapakuwa na gari hata moja. Labda walimu wameegesha kanisani, aliwaza. Hapakuwa na kelele pia, naye akafurahi: ni kimya cha watoto walioambiwa wanyamaze, wako chini wanabanana, wanangoja. Alikijua kimya hicho. Akajikohoza, akagonga mara tatu.

"Pigeni magoti, fumbueni macho, mpisheni Brigida aingie!"

Hakuna aliyejibu.

Akagonga tena, kwa nguvu. Akasema tena, kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya bonde. Kisha akasogea dirishani, akaweka kiganja juu ya macho. Viti vilikuwa vimepandishwa juu ya meza. Na kwenye kioo, ndani, misalaba ya Brigida ilikuwa imeshabandikwa, arobaini na ushei, imesukwa kwa vile vijiti laini vya manyoya vya kuchezea, vya waridi, vya bluu, vya manjano kama kifaranga.

Alisimama akiitazama. Ilikuwa imesukwa vizuri. Hilo lilimuumiza zaidi.

"Nani huyo? Malachy?"

Concepta alikuwa akija kutoka nyuma ya jengo, kofia ya sufu imemfunika mpaka nyusi, ufunguo mkononi. Alikuwa amekuja kumfungulia mtu wa mafuta ya kupashia moto.

"Mungu wangu, Malachy! Umetupa presha jana. Ulikuwa wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani? Na sisi tumekungoja wee! Leo shule imefungwa, walimu wako kwenye mafunzo, ndiyo maana tukasogeza matete yakawa jana saa tano. Si tumeandika? Tumeandika mara tatu! Hebu ona." Akavua glavu kwa meno, akatoa simu, akaipapasa kwa kidole. "Hii hapa. Habari za shule siku hizi zote ziko humu, tangu Januari, karatasi Bibi Tuohy amezifuta, anasema tunamaliza misitu. Sikiliza. 'Malachy Tansey, matete mwaka huu ni Alhamisi saa tano. Watoto wanakungoja kwa hamu.' Hiyo ya wiki iliyopita. Hii ya Jumatatu: 'Malachy, usisahau, Alhamisi.' Na hii ya jana yenyewe, saa tano na dakika tano: 'Malachy, tupo mlangoni.' Mimi mwenyewe nimeiandika, na kamsalaba kadogo nimeweka mwishoni."

Malachy alitia mkono mfukoni, akatoa simu yake. Ilikuwa ya vitufe, imefungwa kwa raba ya kufungia mafungu ya karoti ili betri isidondoke. Aliinyoosha tu mbele yake, ikaonekana.

Concepta aliitazama simu ile. Kisha akatazama ng'ambo ya barabara, mlango wa Malachy, tundu la shaba lililong'arishwa. Mkono wenye glavu ukapanda mdomoni.

"Jamani," alisema. "Jamani, Malachy. Zile Ijumaa zote."

"Si kitu."

"Nilikuwa naenda moja kwa moja garini. Nikasema afadhali, siku hizi nawahi foleni ya pale darajani. Sikuwaza kabisa. Jina lako limo humu, nikajua limekufikia."

"Nimekwambia si kitu, mwanamke. Watoto je?"

"Walipiga magoti." Concepta alitazama chini. "Watoto wa chekechea wako mbele kabisa, puani pa mlango. Robo saa nzima wamepiga magoti. Bibi Tuohy akafungua mlango akatazama kwako. Akaona kama pazia linacheza, akasema yupo, anakuja. Wakapiga magoti tena. Fiadh wa akina Quigney akauliza kama umekufa."

"Mkamjibu nini?"

"Bibi Tuohy alisema huenda una mafua."

"Na yeye Fiadh akasemaje?"

"Akasema basi mtu aende akamtazame." Concepta alikohoa. "Tukasema ndiyo, ndiyo, baadaye. Kisha ikawa chakula cha mchana, kisha mvua, ile vurugu ya kwenda nyumbani. Unajua mambo yalivyo."

Alijua yalivyo. Hatua thelathini, na watu wazima saba ndani ya jengo lile, na aliyewaza kuvuka ni mtoto wa miaka mitano. Hasira ilimpanda, na maneno yakawa tayari, makali, yenye haki yote. Lakini akalikumbuka pazia. Akazikumbuka Ijumaa tatu alizokaa nyumbani bila kuvuka kwenda kuuliza. Barabara ilikuwa na urefu uleule kutoka upande wake.

Na Concepta alikuwa akimtazama kwa macho yaliyoomba kitu. Alikuwa mwanamke mwema, Concepta. Miaka sita amevuka kwa mvua na kwa theluji na hakuwahi kusahau.

"Ndiyo hivyo," alisema Malachy. "Nilikuwa na mafua."

"Ulikuwa na mafua?"

"Mabaya. Nilikuwa kitandani. Hata mngegonga nisingesikia. Leo ndiyo nimeinuka."

Pumzi ilimtoka Concepta, mawingu mawili ya baridi. Uso ukamfunguka. "Nilijua! Si niliwaambia? Nikasema yule haachi hivihivi, yule anaumwa. Pole, jamani, pole sana. Na wewe umetoka nje na baridi hii? Rudi ndani, weka maji ya moto na limau. Nitakuwa nakuchapia karatasi yako, moja tu, Bibi Tuohy hatajua."

"Usisumbuke."

"Si usumbufu."

"Usisumbuke, Concepta."

Akajisikia akitamka hivyo, akatamani sana Concepta asimtii. Lakini lori la mafuta lilikuwa limeingia getini likipiga honi, na Concepta alikuwa tayari amegeuka, akipunga ufunguo. "Mwaka ujao basi!" alipaza sauti. "Mungu akipenda!"

"Akipenda," alijibu Malachy.

Akayaacha nusu ya matete juu ya kizingiti cha shule. Jumatatu ni sikukuu, na Jumanne watakaporudi yatakuwa majani tu. Baraka yake ni ya mkesha. Alivuka barabara na nusu nyingine.

Mlangoni pake alisimama. Ufunguo ulikuwa mfuko wa kulia, mikono ilikuwa imejaa. Alitazama kushoto na kulia kama mwizi, hapakuwa na mtu. Kisha akagonga mlango wa nyumba yake mwenyewe mara tatu.

"Pigeni magoti," alisema, si kwa sauti ya bondeni sasa, "fumbueni macho, mpisheni Brigida aingie."

Alingoja muda ambao ungemtosha mtu mwenye magoti mabovu kushuka chini na kushika kiti. Alingoja zaidi kidogo. Ndani friji ilikuwa inanguruma.

Akayabana matete kwapani, akatafuta ufunguo, akafungua.

"Karibu," alisema, akaingia. Hakuwa amesema neno ndani ya nyumba ile, mbali na yale ya asubuhi ya kujisemea, tangu Jumapili.

Alikuwa amefika katikati ya zulia ndipo alipokumbuka. Akarudi nyuma mpaka kizingitini, akayaweka matete chini, akainama, akavua mabuti.