Mshono Unaolala Kushoto

Mimi ni mwoga, na sioni haya kusema. Kuku akiruka ghafla nashika kifua. Kwa hiyo siku niliposhona gunia la viazi la tajiri wangu Hiram, na sindano ikatoka na harufu ya bangi, sikupiga kelele. Nilimaliza mshono, nikaenda nyumbani, nikakosa usingizi siku tatu. Ndipo nikamtafuta Sajini Owino, askari wa hapa kwetu Mau Narok.

"Mama Kigen, siku hizi tunashirikiana na vituo vya huko chini, mpaka Naivasha," aliniambia. "Lori tutalishika mbali, hakuna mtu atakushuku. Lakini gunia mia hatuwezi fungua zote barabarani. Nipe alama. Jina lako litabaki kwangu, hata wenzangu wa vituo vingine sitawaambia."

Stoo ya Hiram ilikuwa na washonaji wawili, mimi na Nasimiyu, na kila mmoja alishona lori lake. Mimi nilikuwa na la Nairobi, yeye la Kisumu. Watu wa viazi wanajua mkono wa mshonaji. Viazi vikifika vimeoza, mnunuzi hutazama mdomo wa gunia tu, akajua wa kutukana. Mshono wangu hulala kulia. Nasimiyu hushona kwa mkono wa kushoto, na wake hulala kushoto.

Basi nikamwambia Sajini: katika lori langu, fungueni yanayolala kushoto. Wiki iliyofuata, Nasimiyu alipokwenda kunywa chai, nikashona magunia manane yaliyonuka bangi kwa mtindo wa mkono wake. Miaka sita nimekaa kando yake, nisingekosea. Niliona nimejificha vizuri. Woga una akili, lakini hauoni mbali.

Lori lilishikwa likiwa limepita Naivasha. Asubuhi yake wapelelezi wa bondeni wakapanda hadi stoo. Hawakujua kwamba ule mshono uliwekwa makusudi uwe alama yao. Waliambiwa tu wafungue yanayolala kushoto. Kwao ulikuwa ushahidi. Wakawaonyesha wapakiaji picha kwenye simu.

"Huu unaolala kushoto ni wa nani?"

"Wa Nasimiyu," wakajibu wote, bila ubaya wowote.

Walimchukua pamoja na Hiram. Nasimiyu aliitazama ile picha kwa muda mrefu, kisha akanitazama mimi. Nikainama, nikajifanya natafuta kamba.

Hiram ana wakili. Siku ya tatu alikuwa nje kwa dhamana, anatembea kati ya magunia na kutusalimia mmoja mmoja kwa jina. Nasimiyu hakuwa na wa kumdhamini, akabaki ndani kule Naivasha.

Nilikimbia kwa Sajini. Nilimwambia yote.

"Nikiwaeleza, wataandika jina lako," alisema. "Faili inasomwa na vituo vitatu, na wakili wa Hiram atapewa nakala yake. Ukinyamaza, uko salama. Hiyo siwezi kukuamulia, mathe."

Nilinyamaza siku nne. Siku ya tano Makhanu, mume wa Nasimiyu, alikuja kwangu na bakuli la ugali lililorudi kutoka seli halijaguswa.

"Hakuli," alisema. "Mama Kigen, wewe ndiye unajua mshono wake kuliko sisi wote. Si uende uwaambie si wake?"

Hakuwa ananisuta. Alikuwa ananiomba. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na mimi nilikuwa nimemzika mwenzangu akiwa anakunywa chai. Niliona aibu kuliko nilivyowahi kuogopa, na bado niliogopa.

Kesho yake nikateremka Naivasha. Kwenye benchi la kituo alikuwa amekaa Hiram. Masharti ya dhamana yalimtaka aripoti pale kila Jumatatu.

"Umekuja kumwona mwenzako?" akaniuliza kwa upole. "Una roho nzuri."

Nilimpita, nikamwomba inspekta wa ile kesi anisikilize. Inspekta alinisikiliza kwenye meza iliyo wazi kabisa mbele ya lile benchi. Niliomba tuongee ndani. Akasema ofisi ina watu. Nikamweleza kwamba mshono ule niliuweka mimi uwe alama ya polisi, kwa sauti ndogo hata ikabidi aniambie nirudie.

"Kila mtu anaweza kuja hapa kumtetea rafiki yake," alisema. "Wewe mkono wako ni wa kulia. Nitajuaje ni wewe?"

Akaagiza gunia tupu, sindano na kamba.

Nikajichoma mara mbili kabla ya kupitisha kamba. Nyuma yangu nikasikia benchi likilia, mtu anasimama. Hatua zikaja hadi karibu na bega langu, zikakoma. Nikashona mshono wa kwanza, ukalala kushoto. Nikashona wa pili.

"Kumbe," Hiram alisema, polepole.

Nikashona wa tatu.